Nambari ya Gari la Zamani: Sheria Ni Moja Kitale Hadi Bungoma

Magari ya zamani hayajaisha katika barabara zetu. Siku ya soko mjini Kitale utaona Land Rover ya miaka ya 1970 ikishusha magunia ya mahindi. Ukishuka kuelekea Kimilili na Bungoma utapishana na Peugeot 504 pikapu iliyobeba ndizi, au trekta la Massey Ferguson lililolima mashamba kabla dereva wake kuzaliwa. Baadhi ya magari haya yanatunzwa kama kumbukumbu ya familia, na mengine bado yanatafutia watu riziki kila siku.

Wenye magari haya huuliza maswali yanayofanana. Je, kile kibao cheusi chenye herufi nyeupe bado kina maana? Gari lililosajiliwa Nairobi mwaka 1978 likihamia Webuye, lisajiliwe upya? Mzee akiaga dunia na kuacha gari lenye jina lake, nani ana haki ya kuliuza? Na ukivuka Suam kwenda Uganda na nambari ya miaka hiyo, utaulizwa nini?

Somo la toleo hili linajibu maswali hayo. Jibu kwa ufupi ni hili: ndani ya Kenya, nambari hufuata gari wala haifuati kaunti. Kinachowaumiza wengi ni kwamba jina lililo kwenye rejista si la mtu anayeliendesha gari hilo.

Nani hutoa nambari?

Usajili wa magari ni kazi ya serikali ya kitaifa. Hufanywa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ushuru, KRA. Sheria inayohusu nambari zenyewe ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni za vibao vya usajili za mwaka 2016.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iligawa majukumu ya uchukuzi. Serikali ya kitaifa ilibaki na masuala ya trafiki na barabara kuu. Kaunti zilipewa barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma ndani ya kaunti. Kwa hivyo ada ya maegesho mjini Kitale hailingani na usajili wa gari, na stika ya maegesho si nambari. Ukilipia maegesho Kitale, risiti hiyo haikufai Bungoma. Nambari yako inakufaa kote, Lodwar hadi Lunga Lunga.

Hapa ndipo nchi yetu inatofautiana na nyingine. Hakuna rejista ya Trans Nzoia na nyingine ya Bungoma. Gari lililosajiliwa mwaka 1968 na gari lililotoka bandarini juzi yote yamo katika rejista moja.

Kuisoma nambari

Enzi za ukoloni, kabla ya nambari zote kuanza na herufi K, herufi za kibao zilionyesha wilaya gari liliposajiliwa. Mfumo huo uliachwa. Ukafuata mfumo wa herufi tatu zinazoanza na K pamoja na tarakimu zisizozidi tatu, bila herufi nyingine mwishoni.

Mwaka 1989 nambari hizo zilipokaribia kwisha, iliongezwa herufi ya mwisho na hesabu ikaanza upya kwa KAA 001A. Tarakimu zikifika 999, herufi ya mwisho hubadilika. Herufi I na O hazitumiwi kwa kuwa zinafanana na 1 na 0. Ndiyo maana ukiona gari lenye herufi tatu na tarakimu pekee, bila herufi ya mwisho, unajua lilisajiliwa kabla ya 1989. Haijalishi limepakwa rangi mpya kiasi gani.

Herufi nyingine pia zina maana zake:

- KM mwanzoni mwa herufi nne ni pikipiki. Waendeshaji wa boda boda wanazijua.
- KT hutumika kwa matrekta, kwa mfano nambari zinazoanza na KTC. Tuktuk huanza na KTW.
- GK ni gari la Serikali ya Kenya.
- CG ni gari la serikali ya kaunti, na tarakimu zinazotangulia ni nambari ya kaunti yenyewe. 26CG ni Trans Nzoia na 39CG ni Bungoma.
- Kibao chekundu chenye herufi CD ni cha wanadiplomasia.

Utaona basi kwamba magari pekee ambayo vibao vyake vinataja kaunti ni yale ya serikali za kaunti. Ukiona gari la 26CG limeegeshwa penye sherehe ya binafsi usiku, una haki ya kuuliza, kwa kuwa ni mali yako wewe mlipa kodi.

Kibao cheusi, kibao cha njano na kibao kipya

Vibao vya zamani vilikuwa vyeusi vyenye herufi nyeupe au za rangi ya fedha. Baadaye vikaja vibao vinavyoakisi mwanga, cheupe mbele na cha njano nyuma, ili gari lionekane usiku. Mnamo Agosti 2022 serikali ilizindua vibao vya kizazi kipya, kuanzia nambari za KDK. Vina bendera ya Kenya na alama za usalama zinazofanya iwe vigumu kuviiga. Vibao hivi hutengenezwa katika Gereza Kuu la Kamiti.

Hapa wenye magari ya zamani huwa na hofu moja: kwamba wakibadilisha kibao watapoteza nambari waliyoizoea, ile iliyo kwenye picha ya harusi ya mwaka 1975. Ondoa hofu. Kubadilisha kibao si kubadilisha nambari. Herufi na tarakimu zilizo kwenye rejista hubaki zilezile, kinachobadilika ni bati. Ukitaka, hifadhi kibao cheusi nyumbani kama kumbukumbu, lakini barabarani gari libebe kibao kinachotambuliwa.

Usimpelekee mchoraji wa mabango akuandikie nambari kwa brashi kwa sababu kibao kimeliwa na kutu. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinatoza faini ya shilingi 10,000 kwa gari lisilo na vibao au lenye vibao ambavyo havikuwekwa inavyotakiwa. Kibao kikipotea au kikiibwa, piga ripoti kituo cha polisi, pata abstrakti, kisha uombe kingine kupitia akaunti yako ya NTSA kwenye eCitizen. Ada huonyeshwa kabla ya kulipa, na malipo hupitia nambari ya eCitizen 222222. Mtu akikuambia ulipe kwenye simu yake binafsi, mkatae.

Jina lililo kwenye rejista

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa magari ya zamani msemo huu ni kweli tupu.

Sheria ya Trafiki inasema mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huchukuliwa kuwa ndiye mwenyewe hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyohiyo inasema gari likiuzwa, lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla mnunuzi mpya kusajiliwa.

Sasa tazama yanayotokea kwetu. Tuseme mwalimu wa Kiminini aliuza pikapu yake mwaka 1994. Alimpa mnunuzi logibuku, ile hati ya umiliki, pamoja na karatasi ya makubaliano iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi. Mnunuzi hakubadilisha jina. Akamuuzia mtu wa Chwele, naye akamuuzia mtu wa Kapsokwony. Logibuku imepita mikono minne, lakini rejista bado inamtaja mwalimu. Siku pikapu hiyo ikigonga mtu bila bima, mawakili watatafuta jina lililo kwenye rejista. Mwalimu, ambaye sasa ni mzee aliyestaafu, ataletewa barua ya mahakama kwa ajili ya gari ambalo hajaliona kwa miaka thelathini. Anaweza kujitetea kwamba aliliuza, lakini atahitaji ushahidi, na karatasi ya 1994 huenda ililiwa na mchwa zamani.

Anayeshika gari naye hana raha. Hawezi kuliuza kwa bei ya haki, maana mnunuzi makini atataka kuona jina.

Kama gari bado liko kwa jina la mtu mwingine aliye hai, njia ni moja. Mtafute, naye aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen, wewe uukubali kwenye akaunti yako, kisha mlipe ada. Nyote mtahitaji kitambulisho na PIN ya KRA. Asiyejua mtandao asione haya: vituo vya Huduma Centre vya Kitale na Bungoma vipo kwa ajili hiyo. Mwende pamoja, na mbebe logibuku ya asili. Ikiwa gari ni la zamani sana na rekodi yake haionekani vizuri mtandaoni, logibuku ya karatasi ndiyo mwanzo wa kurekebisha. Usiitupe hata kama imechanika.

Gari la marehemu

Hili linahitaji upole na uangalifu. Baba au mama akifariki na kuacha gari, gari hilo ni sehemu ya mirathi kama lilivyo shamba. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Kifungu cha 45 kinafanya hilo kuwa kosa la jinai. Kwa hivyo kijana anayeuza Land Rover ya babake wiki moja baada ya mazishi ili kulipa madeni ya matanga amejiweka hatarini, hata kama ndugu wote wamekubali kwa mdomo. Mnunuzi wake pia atabaki na gari asiloweza kulihamisha.

Utaratibu ni kuanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi, kisha kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Kitale na Bungoma zote zina mahakama zinazoshughulikia mirathi. Mahakama ikithibitisha mgao, msimamizi aliyeteuliwa ndiye anayepeleka hati NTSA ili gari lihamishwe kwa mrithi au kwa mnunuzi.

Kosa la kawaida ni familia kuorodhesha shamba, ng'ombe na akaunti ya benki, halafu kulisahau gari bovu lililo nyuma ya ghala. Liorodhesheni. Gari lisilotembea leo linaweza kuwa na thamani kubwa kwa mtu anayelitafuta, na kurudi mahakamani kwa ajili yake baadaye ni gharama nyingine.

Injini iliyobadilishwa

Magari mengi ya zamani yanaishi kwa sababu mafundi wetu ni wabunifu. Spea ya asili ikikosekana, Land Rover huwekewa injini ya Isuzu au Toyota. Gari lililokuwa la rangi ya maziwa huwa la kijani. Station wagon hukatwa ikawa pikapu.

Hakuna ubaya kurekebisha gari, ila rejista lazima ijue. Mabadiliko ya injini, rangi na umbo la bodi yanatakiwa kuripotiwa NTSA, gari likaguliwe na hati irekebishwe. Usipofanya hivyo, siku ya ukaguzi nambari ya injini haitalingana na ile iliyo kwenye hati, na polisi hawezi kujua kama ulinunua injini kihalali au umeiba gari. Dai risiti ya injini unaponunua, na uihifadhi pamoja na logibuku.

Kuna jambo moja ambalo si ubunifu hata kidogo: kuchukua nambari na logibuku ya gari lililokufa na kuzipachika kwenye gari jingine. Nambari ya usajili imefungwa na nambari ya chasisi. Gari likifa kabisa, NTSA ijulishwe lifutwe kwenye rejista. Anayekuuzia logibuku bila gari anakuuzia kesi.

Ukivuka mpaka

Ndani ya Kenya sheria haibadiliki ukitoka kaunti moja hadi nyingine. Lakini sisi tunaishi mpakani. Kutoka Kitale unafika Suam ukipitia Endebess. Bungoma ina mpaka wa Lwakhakha, na Malaba haiko mbali.

Gari la Kenya linaloingia Uganda kwa ziara halibadilishi nambari. Huingia kwa muda, kwa idhini ya forodha, na lazima liwe na bima inayotambulika kule. Kadi ya njano ya COMESA ndiyo inayotumika kwa bima ya watu wengine. Forodha watalinganisha nambari, chasisi na jina lililo kwenye hati na kitambulisho chako. Ndiyo sababu gari la zamani lenye jina la mtu mwingine hukwama mpakani hata kama halijawahi kukwama Kitale. Ikiwa si lako, beba barua ya idhini ya mwenyewe.

Kila nchi jirani ina mpangilio wake. Uganda hutumia herufi U mwanzoni. Tanzania Bara huanza na T, ikifuatwa na tarakimu tatu na herufi tatu, na magari ya binafsi hubeba kibao cha njano ilhali ya biashara hubeba cheupe. Zanzibar, ingawa imo katika Muungano, ina nambari zake zinazoanza na Z. Kwenye stika za kimataifa Kenya hujulikana kwa EAK, Uganda EAU, Tanzania EAT na Zanzibar EAZ. Herufi EA ni kumbukumbu ya Afrika Mashariki ya zamani, na stika hizo bado zimebandikwa kwenye magari mengi yaliyowahi kusafiri.

Je, unaweza kununua gari la zamani Uganda na kulileta ulisajili hapa? Kanuni ya KEBS inazuia kuingiza nchini magari yaliyotumika ambayo yamezidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo usidanganywe na bei rahisi ya ng'ambo ya mto Suam. Magari mengi ya zamani tuliyo nayo yamekuwa hapa tangu mwanzo. Land Rover ziliunganishwa Thika na Peugeot 504 Mombasa. Hilo ni jambo jema, maana historia ya gari la aina hiyo inaweza kufuatiliwa yote ndani ya Kenya.

Kwingineko hufanyaje?

Mataifa mengine yameyapa magari ya zamani daraja lake. Ujerumani, gari lililofika miaka 30 na kutunzwa vizuri linaweza kupewa herufi H mwishoni mwa nambari. Uingereza, gari lililotengenezwa kabla ya 1 Januari 1980 na kusajiliwa kama la kihistoria linaruhusiwa kubeba kibao cheusi chenye herufi nyeupe au za fedha. Marekani kila jimbo lina sheria yake. California, kwa mfano, hutoa vibao vya kihistoria kwa magari yenye umri wa miaka 25 au zaidi. Afrika Kusini nambari huonyesha mkoa, na mwenye gari akihama mkoa hubadilisha nambari.

Kwa hivyo ukisoma ushauri ulioandikwa kwa watu wa nchi hizo, usiutumie hapa. Kwetu umri wa gari hauliondolei wajibu wowote: kibao, bima na jina sahihi vinahitajika kwa Land Rover ya 1972 sawasawa na kwa gari la mwaka huu.

Kabla hujanunua gari la zamani

1. Fanya utafutaji wa rekodi NTSA kwa kutumia nambari ya gari. Jina litakaloonekana ndilo la muuzaji wako halali.
2. Linganisha nambari ya chasisi na ya injini kwa macho yako. Mwombe fundi unayemwamini aifute kutu, asiikwaruze.
3. Muuzaji akisema mwenyewe alifariki, omba hati ya mahakama. Barua ya chifu peke yake haitoshi.
4. Usimalize kulipa kabla uhamisho kuanzishwa kwenye eCitizen.
5. Weka nakala za hati zote mahali pasipofikiwa na mchwa wala mvua.

Jipime

*Gari langu lilisajiliwa Nairobi na sasa naishi Bungoma. Nibadilishe nambari?* La. Rejista ni moja kwa nchi nzima.

*Nikipata kibao kipya, nambari yangu ya zamani itapotea?* La. Kibao hubadilika, nambari hubaki.

*Niliuza gari miaka kumi iliyopita na jina halijabadilishwa. Linanihusu?* Naam. Kwa rejista bado ni lako. Mtafute mnunuzi wiki hii, mwende Huduma Centre mkamalize.

*Ndugu zangu wamekubali niuze gari la marehemu baba. Niendelee?* Subiri mahakama ikuteue na kuthibitisha mgao kwanza.

Mwenye swali ambalo halijajibiwa hapa afike Huduma Centre ya Kitale au ya Bungoma akiwa na kitambulisho, PIN ya KRA na logibuku yake.